Kisu cha kwanza: tia noleo la brasi, na ujue brasi yenyewe imetoka wapi

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za programu na seva, na wiki ijayo tutarudi huko. Leo nataka kuzungumzia kipande cha chuma chenye ukubwa wa kidole gumba.

Kazini kwetu kuna vijana wawili walioambukizwa ugonjwa wangu wa kutengeneza visu. Wote wawili wana bapa tayari. Wote wawili wana mbao za kipini. Na wote wawili wamekaa miezi bila kumaliza kwa sababu hawajaamua ile sehemu ya mbele ya kipini, pale mbao inapokutana na bapa, waitie chuma gani. Mmoja wao amefungua jedwali lenye safu kumi na moja. Nilipoliona nilicheka, halafu nikaona haya, maana mimi nilikuwa nalo kama hilo na langu lilikuwa na safu kumi na nne.

Basi nasema msimamo wangu mapema ili mwenye haraka aende zake: kisu cha kwanza kitie brasi, ile shaba iliyochanganywa na zinki. Itoke kwenye kitu ambacho unajua kilikuwa cha nani. Na uifanye kazi ikiwa baridi, kwa msumeno na tupa, bila kuyeyusha chochote. Wanaotaka ugomvi waendelee kusoma.

Kwanza jina. Nilihangaika sana kutafuta Kiswahili cha kitu hiki, nikaambiwa "pete", nikaambiwa "shingo", fundi mmoja akaniambia "hiyo ya mbele". Kumbe kamusi za zamani zinalo neno: noleo. Ni chuma kinachofungwa kwenye mpini mahali bapa linapoingia, ili mpini usipasuke. Na ule mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini unaitwa msuka. Maneno yote mawili yalikuwepo kabla tarakilishi haijafika Afrika Mashariki, nasi tunaoandika kila siku juu ya kutafsiri programu hatukuwa na habari. Nitayatumia kuanzia hapa.

Noleo linafanya nini? Mbao hunywa maji na kuvimba, kisha hukauka na kunywea. Chuma hakifanyi hivyo. Ukiviunganisha viwili hivi moja kwa moja, mwaka mmoja wa kuosha vyombo unatosha kufungua ufa mdomoni mwa kipini, na kwenye ufa huo huingia maji, mafuta na mabaki ya nyama. Noleo hufunga mdomo huo. Pia huzuia kipini kupasuka kisu kikianguka sakafuni kwa upande, na huongeza uzito kidogo pale vidole vinaposhika. Kwa lugha yetu ya kazi, ni kiungo kati ya mifumo miwili isiyoelewana, na kama mnavyojua, mambo huharibika kwenye kiungo.

Lakini kuna mtu aliyekataa noleo kabisa, na hoja yake naiheshimu kuliko za wote waliojaribu kuniuzia vyuma vya kigeni. Ni fundi mzee wa Gikomba aliyenifulia bapa langu kutokana na springi ya gari. Nilipomweleza habari za noleo alinitazama kwa huruma. "Kijana wangu, kisu ni makali," akasema. "Hii nyingine ni mapambo." Nikamwambia, lakini mzee, kipini kitapasuka. Akasema, "Kikipasuka utatia kingine. Mbao iko."

Visu vyake vinauzwa kila siku, na vinakata. Hata seme ya Wamaasai haina noleo la chuma. Kipini chake huvikwa ngozi mbichi ambayo ikikauka hubana kama mkono. Kwa hiyo kama huna drili wala mahali pa kufunga jiliwa, msikilize mzee, acha noleo, maliza kisu chako. Kisu kilichokamilika bila noleo kinashinda kisu bora kilichomo ndani ya jedwali. Mimi nilikuwa na drili, na kisu nilikuwa namtengenezea mama yangu kule Machakos, ambaye hawezi kutupa kipini kila mwaka akatafuta kingine. Yeye hukata sukuma wiki, maembe na ndimu kwa kisu kimoja, hukiacha kwenye karai la maji, na akihitaji kukwangua kitu sufuriani hutumia hicho hicho. Mtihani wake ni mgumu kuliko mtihani wowote niliowahi kuiandikia programu.

Sasa tuje kwenye vyuma vyenyewe.

Nilianza na aluminiamu, kwa sababu ilikuwepo na kwa sababu nilikuwa mvivu. Nairobi imejaa vipande vya aluminiamu kutoka kwa watengeneza madirisha, na hukatika kwa msumeno kama mkate mgumu. Nilikata, nikatoboa, nikafunga, nikajisifu. Kisu nikampelekea mama. Miezi minne baadaye nilikikuta kimejaa vidoa vyeupe na vishimo pale aluminiamu inapogusana na chuma. Hili halikuwa bahati mbaya, ni kemia. Metali mbili tofauti zikigusana mahali penye maji ya chumvi au ya ndimu huwa betri ndogo, na katika betri hiyo ile iliyo dhaifu zaidi huliwa. Kati ya aluminiamu na chuma, aluminiamu ndiyo huliwa. Isitoshe, ni nyepesi mno. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 2.7, wakati brasi ina kama 8.5. Mama alikishika akasema, "Mwanangu, hiki kinaelekea mbele." Hajui neno hata moja la fizikia, ila mkono wake ulijua kwamba uzito umekaa mahali pasipofaa.

Kuhusu uzito, nifanye hesabu mara moja ili ugomvi huu uishe. Noleo langu ni vibao viwili, kila kimoja milimita 25 kwa 20 kwa 3. Jumla ni sentimita 3 za ujazo. Kwa aluminiamu ni gramu 8. Kwa chuma cha kawaida ni kama 23 na nusu, kwa stenilesi 24, kwa brasi kama 25 na nusu, kwa shaba 27. Ukiondoa aluminiamu, tofauti nzima ni gramu tatu na nusu. Nilipoteza wiki mbili za jioni nikisoma mabishano ya watu wa ng'ambo juu ya gramu tatu na nusu!

Stenilesi ndiyo jibu sahihi la jikoni. Nakubali. Haitoi doa, haiogopi ndimu, na hapa kwetu si shida kuipata, maana kila ghorofa mpya ya Kileleshwa ina vyuma vya ngazi vya stenilesi na mafundi wake hubaki na vipande. Shida yake ni wewe. Stenilesi ya kawaida ina tabia ya kuwa ngumu zaidi kadiri unavyoisugua. Ukitoboa kwa woga, ukibembeleza drili, sehemu ya chini ya tundu hugeuka kuwa ngumu, na biti huanza kulia na kung'aa bila kuingia. Dawa yake ni kuzungusha polepole, kukandamiza kwa nguvu, kutia mafuta na kutosimama katikati. Haya yote niliyajua kwa kusoma. Mikono haikuyajua. Nilivunja biti tatu Jumamosi moja, na mama wa jirani wa chini akapanda ngazi kuuliza kama tunajenga. Usifundishwe kutoboa na stenilesi. Jifunze kwenye kitu kinachosamehe, stenilesi uiache kwa kisu cha tatu.

Chuma cha kawaida, kile cha mageti na madirisha, hudharauliwa bure. Hutoboka vizuri, riveti yake ikisuguliwa haionekani tena, na kwa kuwa ni ndugu wa bapa hakuna ile betri ya kusumbua. Lakini hushika kutu, na kutu kwenye noleo huenda ikaingia chini ya mbao usipopaona. Kwa kisu cha shambani ningekitia bila kufikiri mara mbili. Kwa karai la mama yangu, hapana.

Pembe, mfupa na jino la ndovu. Kuna watu wanapenda kuona kitu cheupe au cheusi hapo mbele. Jino la ndovu tuliache: Kenya ilichoma tani 12 mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, zote katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kilomita chache kutoka ninapokaa, na mwenye kutaka kuuliza kwa nini atazame visu. Narudia, visu. Pembe nyingi za vifaru wa Kenya zilisafiri hadi Yemen kuwa vipini vya majambia. Mwaka 1970 nchi hii ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400. Yemen ya Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza pembe hizo mwaka 1982, na biashara ikaendelea kwa magendo. Esmond Bradley Martin, mtafiti Mmarekani aliyeishi Lang'ata na aliyeuawa nyumbani kwake Februari 2018, alitumia miaka mingi kufuatilia soko hilo hadi kwenye maduka ya Sana'a. Simtuhumu mtu anayetaka kipini kizuri. Nasema tu kwamba ukichagua kitu cha kupamba kisu, kuna mwisho wa pili wa mnyororo ambao huuoni ukiwa dukani.

Pembe na mfupa wa ng'ombe ni halali na vinapatikana, na mafundi wa Kibera wanavifanyia maajabu. Mimi navipenda kwenye kipini. Kwenye noleo hapana, kwa sababu rahisi: pembe nayo huvimba na kunywea kama mbao, na kazi ya noleo ni kutofanya hivyo.

Hapa ndipo nafika kwenye shaba, na hapa ndipo nilipobadilisha mawazo yangu kabisa.

Shaba nyekundu ilikuwa chaguo langu la kwanza kwa macho. Ni nzuri mno. Ni laini kidogo kuliko inavyotakiwa, hugeuka kahawia, kisha kijani mahali penye unyevu, lakini wengine wanaipenda hivyo. Nikaenda kutafuta. Mfanyabiashara wa vyuma vikuukuu akanionyesha gunia. Ndani kulikuwa na nyaya nene zilizochomwa plastiki yake, bado zina masizi, na baa bapa za shaba zilizokatwa kwa msumeno haraka haraka. Nikamuuliza zimetoka wapi. Akacheka, akaniambia bei.

Mimi naishi kwa umeme. Kompyuta yangu ikizimika katikati ya kazi napoteza siku. Tarehe 11 Januari 2022 karibu nchi yote iliingia gizani baada ya minara ya laini kuu ya Kiambere kwenda Embakasi kuanguka hapa Nairobi, na serikali ikasema imehujumiwa na watu wanaotafuta chuma cha kuuza. Siku tisa baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma vikuukuu, ndani na nje ya nchi, hadi kanuni mpya zilipotolewa na biashara ikafunguliwa tena mwezi Mei. Sheria ya Vyuma Vikuukuu ilikuwepo tangu 2015, inataka mfanyabiashara awe na leseni na aandike alichonunua na kwa nani. Siku ile ya giza niliandika hapa maneno makali sana juu ya wezi wa vyuma. Na sasa nilikuwa nimesimama mbele ya gunia, mfuko una pesa, nikijiambia kwamba gramu 27 si kitu.

Sikununua. Sitaki mniite mtakatifu, karibu ninunue. Kilichonizuia ni kwamba kisu kilikuwa cha mama, na mama angeuliza.

Kwa hiyo mtu akiniambia "brasi au shaba?", mimi namuuliza kwanza: imetoka wapi? Brasi nayo huibwa. Mifereji ya maji huondoka mabombani, mita za maji hung'olewa usiku na mtaa mzima ukaamka maji yakitiririka barabarani. Brasi ya gunia haina usafi kuliko shaba ya gunia. Ila brasi ina faida moja: umezungukwa na yako mwenyewe. Kufuli lililopoteza ufunguo, mfereji wa jikoni uliobadilishwa, komeo la mlango. Huhitaji gunia la mtu. Kwa noleo moja unahitaji gramu 25.

Yangu ilitoka kwenye mlango. Wanaoijua Kileleshwa ya zamani wanakumbuka zile nyumba za chini zenye vigae vyekundu, bustani kubwa na sakafu za mbao. Karibu zote zinakwenda, na mahali pake panasimama ghorofa. Mwaka 2023 ilibomolewa moja tuliyopakana nayo ukuta. Nilikwenda kwa msimamizi wa ubomoaji kabla ya mashine kufika chumba cha nyuma, nikamuuliza milango inakwenda wapi. Akanipeleka kwa mwenye kazi. Nikanunua bawaba nne pamoja na skrubu zake na mbao kiasi za sakafu, nikaandikiwa risiti kwenye kipande cha daftari. Ninayo hadi leo. Mbao za sakafu ndizo zikawa kipini. Zilikuwa zimekauka kwa miongo, hazina hamu tena ya kujikunja.

Kabla hujashangilia, pima. Vitu vingi vya rangi ya dhahabu si brasi. Weka sumaku: ikinasa, ni chuma kilichopakwa. Isiponasa bado usiamini, maana makufuli ya bei nafuu mara nyingi ni zinki iliyopakwa rangi. Piga tupa mara tatu mahali pasipoonekana. Ndani pakiwa kijivu, rudisha. Pakiwa pa manjano hadi chini, umepata. Bawaba zangu zilikuwa za manjano hadi chini, unene wa milimita 3 kamili.

Sasa utamu wa bawaba, ambao sijauona umeandikwa popote. Matundu ya skrubu yake tayari yamepanuliwa juu kama kikombe, ili kichwa cha skrubu kilale. Hicho kikombe ndicho kila mtu hutafuta kwa taabu anapofunga riveti, kwa sababu riveti ikigongwa hufumuka na kujaza kikombe, na haiwezi kutoka tena. Nikakata vibao vyangu kila kimoja kikiwa na tundu moja la zamani katikati. Na riveti? Zile skrubu za brasi za mlango ule ule. Ukikata kichwa na ukakata sehemu yenye nyuzi, kinabaki kipande laini kinachoingia kwenye tundu bila kuchezacheza. Msuka wa bapa langu ni milimita 4, vibao viwili ni 6, jumla 10. Nikakata riveti ya milimita 13 ili kila upande ubaki na milimita moja na nusu ya kugonga. Unagonga polepole kwa nyundo ndogo, ukizunguka, upande huu kisha upande ule. Ukisugua kwa msasa baadaye, mstari wa riveti unatoweka. Mimi mwenyewe leo nautafuta nisiuone.

Kuna kosa moja nataka kuwaepusha nalo, na ni kosa langu, fundi hana lawama. Msuka lazima utobolewe kabla bapa halijatiwa moto na kuzamishwa kwenye oili. Mimi niliwaza noleo baadaye. Bapa likarudi gumu, nimeshalioka kwenye ovena nyuzi 200 mara mbili, saa moja kila mara, ili lisiwe la kuvunjika kama kioo, ndipo nikakumbuka tundu. Biti haikukwaruza hata rangi. Ikabidi niupashe msuka kwa moto mpaka ulainike, huku makali yamefungwa kitambaa chenye maji yanayonyunyizwa kila nukta, moyo ukinidunda. Kwa hiyo uamuzi wa noleo, ingawa ni wa kitu kidogo na cha mwisho kuonekana, hufanywa mwanzoni. Vijana wangu wa kazini, mnasikia? Kama mabapa yenu hayana tundu, jedwali lenu limechelewa.

Brasi inasamehe nini? Kibao changu cha kushoto nilikikata vibaya, kukawa na mwanga kati yake na bapa, ufa wa unene wa karatasi. Kwa stenilesi ningeanza upya. Kwa brasi nilikigonga ukingo kwa nyundo, taratibu, ikasogea ikaziba. Nilipokosea pembe nilirekebisha kwa tupa kwa dakika kumi. Brasi inakatika safi, haizibi meno ya tupa kama aluminiamu, na inang'aa kwa msasa na kitambaa tu. Anayejifunza anahitaji metali inayompa nafasi ya pili.

Wapinzani wa brasi wana hoja mbili za kweli. Ya kwanza: katika ile betri niliyoitaja, kati ya brasi na chuma anayeliwa ni chuma, yaani bapa lako. Ni kweli. Ndiyo maana kabla ya kugonga riveti nilipaka gundi ya epoksi pande zote mbili, maji yasipate njia. Betri bila maji haifanyi kazi. Ya pili: brasi nyingi za bawaba, mifereji na makufuli zina risasi kidogo, mara nyingi asilimia mbili au tatu, iliyotiwa makusudi ili ikatike vizuri kiwandani. Hili nililifikiria sana kwa sababu ni kisu cha jikoni. Uamuzi wangu: chakula hukutana na bapa, noleo hukutana na vidole, na kisu huoshwa. Vumbi ndilo la kuogopwa. Nilisugua kwa msasa wa maji, nikafunga pua, nikatandika magazeti verandani na kuyatupa, na mtoto wa dada yangu hakuruhusiwa kufika. Kama moyo wako haukubali, tia chuma cha kawaida ukipake mafuta, sitakucheka.

Na usiyeyushe. Najua mmeona video za watu wanaomimina brasi kwenye tanuri dogo la bustani, na najua mafundi wa mapambo wa Kibera huyeyusha makufuli na mifereji kila siku na kutoa vitu vinavyouzwa Ulaya. Wao wanajua wanachofanya. Zinki huchemka kwa nyuzi 907, na brasi huyeyuka karibu hapo hapo, kwa hiyo ukizidisha moto kidogo zinki hutoka kama moshi mweupe. Ukiuvuta, usiku utatetemeka kwa homa. Veranda ya orofa ya tatu si karakana.

Nikapeleka kisu Machakos mwezi wa Disemba. Mapema asubuhi nilikuwa nimekifunga kwenye gazeti ndani ya begi, na askari wa lango la duka moja kubwa nilikopitia kununua unga alikifungua, akakitazama, akaniuliza kama nauza. Nikamwambia cha mama. Akanirudishia.

Mama alikishika, akakigeuza, akakata ndimu ile ile ya mtihani. Hakusema lolote juu ya uzito, na kwake kutosema ni kusifu. Aliuliza ile ya manjano ni nini. Nikamwambia ni bawaba ya mlango. Akauliza, "Mlango wa nani?" Nikamweleza, nyumba ipi, nani aliniuzia, shilingi ngapi. Akaendelea kukata.

Sasa brasi imekuwa na rangi ya chai iliyokolea, na pale kidole gumba kinapokaa imebaki inang'aa. Nilipoangalia mara ya mwisho hakukuwa na kutu kwenye kiungo. Bado anakiacha kwenye karai la maji. Bawaba mbili zimebaki kwenye droo yangu na skrubu zake. Vijana wa kazini wakishatoboa misuka yao wajue zilipo, ila jedwali walifunge kwanza.